Pedeli ya Mafuta ya Pikapu la Shule

Hotuba iliyotolewa katika karakana ya shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliniandikia kwamba nizungumze juu ya Ufundi na Maendeleo. Nilimjibu kwamba kichwa hicho ni kipana mno kwa mtu aliyezoea kulala chini ya magari, nikamwomba nizungumze juu ya kitu chenye urefu wa kiatu. Kitu chenyewe ni pedeli ya mafuta ya pikapu la shule, lile Land Rover 109 ambalo baadhi yenu mlilisukuma asubuhi za baridi hadi likawaka.

Nimechagua jambo hili kwa sababu limo katika ajenda yetu ya leo mchana. Jambo la saba linasema: "Kuuza gari bovu." Sababu iliyoandikwa ni kwamba gari linajiendesha lenyewe. Maneno hayo yamechekesha watu, lakini dereva wetu aliyeyatoa hakuwa akicheka. Alikuwa akiteremka mlima na magunia ya mahindi, na juu ya magunia wamekaa wanafunzi wanne. Akainua mguu kutoka kwenye mafuta ili apunguze mwendo, injini ikaendelea kuvuta kana kwamba mguu wake bado uko pale pale. Akakanyaga klachi, injini ikapiga kelele za kutisha, akazima swichi, akalisimamisha gari kwa breki. Hakuna aliyeumia. Nataka kila mjumbe atakayenyoosha mkono mchana, wa kuuza au wa kutouza, ajue kwanza nini kilitokea ndani ya gari lile.

Nianze na jina, maana jina lenyewe linatupotosha kidogo. Tunasema "kanyaga mafuta", na mtu hudhani mguu wake unamimina petroli. Sivyo. Katika injini ya petroli yenye kabureta, kama hii ya kwetu ya silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 2286, mguu unafungua hewa. Ndani ya koo la kabureta kuna bati la mviringo mfano wa sarafu, limeshikwa katikati na mhimili mwembamba. Mafundi hulifananisha na kipepeo. Likilala wima hewa hupita kwa wingi, na hewa ikipita kwa kasi ndiyo inayovuta petroli. Likifunga, injini hubaki ikinguruma taratibu. Safari nzima ya kipepeo hicho, tangu kufunga mpaka kufungua kabisa, haifiki hata robo ya mzunguko. Maisha ya watu waliokaa juu ya magunia yanategemea robo ya mzunguko hiyo.

Wala si sheria ya mbinguni kwamba mafuta yakanyagwe kwa mguu wa kulia. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na pedeli tatu na hata moja haikuwa ya mafuta. Ya kushoto ilikuwa ya gia, ya katikati ya kurudi nyuma, ya kulia ya breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Baadhi ya magari ya Ulaya ya miaka ya 1920 na 1930 yaliweka mafuta katikati na breki kulia. Fikirini wenyewe dereva aliyetoka gari moja kuingia jingine. Hata Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 kama gari la mkulima, iliweza kununuliwa na kijiti cha mkono cha mafuta, ili isimame shambani ikizungusha mashine bila mtu kukaa ndani. Ya kwetu ni Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na kijiti hicho haina.

Sasa tuingie kazini. Jumamosi iliyopita nilikuja na mkoba wa spana, nikakuta vijana wanane wa kidato cha tatu wananingoja hapa. Walitaka kuanza kufungua mara moja. Nikawaambia hapana, kwanza tuangalie. Tukaliweka gari mahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu, waya wa betri ukatolewa. Wengine wakashangaa mawe ya nini na hendibreki ipo. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu yenyewe, inashika shafti nyuma ya gia, na gari husogea kidogo kabla haijashika. Mwenye kuinamia mbele ya gari kama hilo afadhali awe na mawe.

Kisha kijana mmoja akakaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga pedeli taratibu na kuiachia, injini ikiwa imezimwa, na wengine wakainamia injini wakifuata kwa macho. Njia yenyewe ni hii. Pedeli imebanwa juu ya mhimili mfupi unaopenya bati la chumba cha miguu na kutokea upande wa injini. Huko mhimili una mkono wenye kichwa cha gololi. Gololi hiyo inashika rodi, rodi inazungusha mkono mwingine uliopinda, na huo unasukuma rodi ya pili inayofika kwenye kabureta. Hakuna kebo, ni chuma kwa chuma tangu kiatu hadi kipepeo. Wanaofahamu pikipiki au magari madogo wanadhani kila gari lina kebo.

Waliyoyaona vijana wale, nayaeleza kwa mpangilio waliouona wao. Kwanza, mkono wa pedeli ulikuwa umevunjika zamani ukachomelewa, ukavunjika tena ukachomelewa tena, na safari ya pili ukashikana ukiwa umeinama upande. Ukikanyagwa mpaka chini ulikuwa unasugua ukuta wa chumba cha miguu. Bati pale lilikuwa linang'aa kama fedha, na sehemu nyingine zote zimejaa vumbi. Mng'aro ule ulikuwa ushahidi tosha. Pili, bapa la kukanyagia lilikuwa limefungwa kipande cha tairi kwa waya, na ukingo wake ulikuwa unanasa mkeka wa raba wa sakafuni. Tatu, gololi zilikuwa zimelika, hata pedeli ikashuka upana wa vidole viwili kabla kabureta haijajua lolote. Nne, na hili ndilo lililonifanya nikae chini, springi ya kurudisha haikuwapo kabisa. Mahali pake palifungwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Kazi hiyo ilifanywa na gereji moja ambayo sitaitaja. Nasema tu kwamba mtu aliyechomelea alijua kuchomelea. Mshono wake ulikuwa mzuri. Alichokosa ni kuijaribu pedeli baada ya kuchomelea.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye ule mpira, maana nimeuona katika magari mengi na kila mwenye gari huniambia ni wa muda tu. Katika injini hii ya petroli, bomba linaloingiza hewa na bomba linalotoa moshi yamefungwa pamoja upande mmoja, na kabureta imekaa juu yake. Petroli hupashwa moto pale makusudi ili igeuke mvuke vizuri. Sasa mpira wa tyubu uliopita karibu na joto hilo kila siku hufanya nini? Wiki ya kwanza unavuta vizuri kuliko hata springi. Baada ya miezi unakauka, unapata nyufa, unalegea. Haukatiki kwa kishindo ili dereva ajue. Unapungua nguvu kidogo kidogo, na mguu wa dereva unauzoea. Siku pedeli iliposugua ukuta na ukingo wa tairi ukanasa mkeka, mpira haukuwa na nguvu ya kuvishinda vyote viwili. Hapo ndipo gari lilipojiendesha lenyewe.

Na palikuwa na kosa jingine, la mahali pa kufunga. Mpira ule ulifungwa kwenye mkono wa pedeli. Chukulieni rodi imechomoka kwenye gololi barabarani. Pedeli itarudi juu vizuri sana, na dereva atafurahi, lakini kipepeo hakitafungwa, kwa sababu kati ya pedeli na kipepeo hakuna tena kinachovuta. Springi lazima ivute kwenye kabureta yenyewe, kwenye mkono wa kipepeo. Ile ya kwenye pedeli iwe ya pili. Nilipowauliza vijana springi moja ingewekwa wapi kama tungekuwa na moja tu, watano walisema kwenye pedeli na watatu wakasema kwenye kabureta. Tukachomoa rodi mbele ya macho yao, na wote wanane wakawa upande wa kabureta.

Si fikra yangu hii peke yangu. Marekani wana kanuni ya usalama wa magari, namba 124, iliyoanza kutumika Septemba 1973. Inataka kila gari liwe na angalau nguvu mbili zinazoweza kurudisha mafuta chini, ili moja ikishindwa nyingine ifanye kazi. Inataka pia kwamba dereva akiondoa mguu, katika gari lisilozidi kilo 4536, mafuta yarudi ndani ya sekunde moja, isipokuwa katika baridi kali ambako huongezewa muda. Sekunde moja yaonekana ndogo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari huenda karibu mita 17 katika sekunde hiyo. Pimeni kwa hatua kutoka mlangoni hapa, mtaona mnafika wapi.

Kufungua pedeli ya zamani kulituchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, na sababu ni kutu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati la kawaida, na hilo huwafanya watu wadhani gari zima halishiki kutu. Bolti, mihimili na fremu ni za chuma, na vinashika kama jembe lililoachwa nje. Bolti inayobana pedeli kwenye mhimili tuliitia mafuta ya kulegeza kutu, tukaenda kunywa uji, tukarudi tukaitia tena. Halafu hapo ndipo watu wanapoharibu: Land Rover za zamani zina mchanganyiko wa bolti za vipimo vya Kiingereza, BSF na UNF, na spana za milimita zinakaribiana nazo bila kulingana. Spana iliyokaribia inakula pembe za nati, nati inakuwa mviringo kama karanga, na baada ya hapo ni patasi na matusi. Tulitumia spana halali, ikalegea. Tukatoa springi zote, yaani ule mpira, tukachomoa rodi kwenye gololi, tukavuta mhimili nje.

Pedeli nyingine tuliipata kutoka kwenye Land Rover lililokufa. Mtumba si aibu, mradi uukague. Tuliiweka juu ya meza bapa tukatazama kama imepinda, tukatafuta nyufa mahali mkono unapokutana na kola, tukapitisha mhimili ndani yake tukausikiliza. Matundu ya kushikia mhimili tukayasafisha kwa tambara na petroli kidogo, nje, mbali na moto, tukapaka grisi. Vichwa vya gololi vilivyolika tukaviweka kando. Hivyo tulinunua vipya, kwa kuwa bei yake ni ndogo na gololi ya mtumba huja na ulegevu wake mwenyewe.

Kurudisha ni haraka. Kurekebisha ndiyo kazi, na ndipo walimu wa fizikia walipoanza kusogea karibu. Pedeli ikiwa juu kabisa, kipepeo lazima kikae juu ya skrubu yake ya mwendo wa chini, pasiwe na rodi inayokizuia. Acha ulegevu mdogo sana. Ukikaza rodi mpaka isibaki nafasi hata kidogo, utaona kioja barabarani. Injini imekaa juu ya raba na hujipinda kila inapovuta, lakini pedeli imefungwa kwenye bodi. Injini ikijipinda, rodi iliyokazwa huvuta kipepeo yenyewe, gari linaruka. Injini inarudi, kipepeo kinafunga, gari linasita. Kisha linaruka tena. Dereva analaumu klachi, fundi anafungua kabureta, na kosa ni rodi fupi kwa mizunguko miwili ya nati.

Upande wa chini vile vile. Sakafuni, chini ya pedeli, kuna bolti ya kuizuia. Irekebishwe hivi kwamba kipepeo kikifika wima, pedeli nayo iguse bolti wakati ule ule. Ikiwa pedeli inaendelea kushuka baada ya kipepeo kufika mwisho, basi uzito wote wa dereva mwenye haraka unakwenda kwenye mhimili mwembamba wa kabureta. Mihimili hiyo hupinda, na iliyopinda hukwama. Nashuku, ingawa sina ushahidi, kwamba mkono wa pedeli yetu ulivunjika mara ya kwanza kwa sababu hii, maana bolti ile tuliikuta imezama kabisa chini ya tope lililokauka.

Tukafunga springi mbili, moja kwenye kabureta na moja kwenye pedeli. Tukaijaribu injini ikiwa imezimwa, mara ishirini: taratibu, haraka, kwa kisigino, kwa kutelezesha kiatu upande. Kila mara mmoja alisikiliza kwenye kabureta ule mlio mdogo wa kipepeo kugonga skrubu yake. Tukachomoa springi moja tukajaribu tena, tukairudisha tukachomoa nyingine. Yote mawili kilifunga. Ndipo tukawasha injini, na baadaye dereva akalizungusha gari likiwa tupu kwenye uwanja wa mpira. Ule mkeka wa raba tuliukata ukingo. Msidharau mkeka. Mwaka 2009 Toyota iliyaita magari karibu milioni 3.8 huko Marekani kwa sababu mikeka iliweza kunasa pedeli, na Januari 2010 ikayaita mengine milioni 2.3 kwa sababu pedeli zenyewe zingeweza kukwama au kurudi polepole. Hayo yalikuwa magari mapya, yaliyotoka kiwandani na stakabadhi zake.

Magari ya siku hizi mengi hayana rodi wala kebo. Pedeli yake ina kifaa cha umeme kinachopeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofungua kipepeo. Habari hiyo hupelekwa kwa njia mbili, kompyuta inalinganisha, zikitofautiana inapunguza nguvu ya injini. Vijana mtakaokwenda vyuo vya ufundi mtaona kwamba wazo ni lile lile la springi mbili.

Kwa madereva waliopo hapa, na naona tuko wengi, niongeze hili. Mafuta yakikwama, alivyofanya dereva wetu ndivyo: klachi chini au toa gia, kisha zima, na acha injini ipige kelele. Ukishazima usichomoe ufunguo, kwa sababu katika Series III, kama katika magari mengi, ufunguo ukitoka usukani unaweza kujifunga ungali unatembea. Breki ikanyage mara moja kwa nguvu na uishikilie. Usiipigepige. Katika magari yenye kisaidizi cha breki, kisaidizi kile hutumia mvuto wa hewa wa injini, na kipepeo kikiwa wazi kabisa mvuto huo hupungua sana. Ukipigapiga unaumaliza uliobaki, na pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe.

Ndugu Mwenyekiti, gari bovu linalotajwa katika jambo la saba halipo tena. Lipo pikapu kuukuu lenye pedeli nzima. Sisemi lisiuzwe. Fremu yake upande wa nyuma imeanza kuliwa na kutu, na hilo ni jambo zito kuliko pedeli. Wajumbe walitazame kwa bisibisi mkononi, wachomechome chuma, wasitazame rangi. Lakini likiuzwa, liuzwe kwa sababu ya kweli. Na likibaki, naomba mambo matatu yaandikwe katika kumbukumbu. Liwe na daftari lake ndani ya chumba cha dereva, kila kilichofunguliwa kiandikwe na jina la aliyefungua. Vijana wa karakana wazijaribu springi zile kila mwanzo wa muhula, kwa namna waliyojifunza. Na wanafunzi wasipande tena juu ya mzigo. Najua sisi sote tulipanda. Najua pia kwamba shule haina basi, na kwamba sharti hili litawagharimu nauli. Ndiyo maana nalisema mbele ya watu wenye mifuko.

Gari liko nyuma ya ukuta huu, boneti wazi. Wale vijana wanane wako pale na pedeli ya zamani wameiweka juu ya gunia, pamoja na ule mpira wa tyubu. Waulizeni wao, msiniulize mimi. Na kama yuko mwenye spana za BSF zimelala nyumbani bila kazi, karakana hii ina seti moja tu, nayo ni yangu, na kesho naondoka nayo.